Google Forms kwa maoni ya wachezaji wa D&D: inasaidia, ila siri hamna

Wadau mnaoendesha D&D (Dungeons & Dragons) au gemu nyingine yoyote ya kuigiza mezani, naona watu wanapendekezana Google Forms, zile fomu za mtandaoni za Google, kama dawa ya wachezaji wasiosema ukweli, sa mi nimeitumia na meza yangu ya watu wanne hapa Dar acha niwape yangu. Ni bure, linki unaitupa kwenye grupu la WhatsApp, mtu anajaza kwenye simu akiwa zake kwenye daladala, hakuna cha kupakua. Hapo sina neno.

Shida ni kwamba maoni unayoyataka ni yale mtu hawezi kukwambia usoni. DM, yaani anayeendesha gemu, ndo mwenye nyumba, ndo kanunua dadu, ndo kahangaika na ramani, nani atamwambia gemu ilimboa? Mgeni hasemi chai haina sukari. Ukiuliza unajibiwa "ilikua poa sana kaka" na huyo huyo alikua anachati tangu pambano lianze. Fomu inakuja na ahadi ya siri, na kweli usipokusanya imeili jina halionekani, ila kwa watu wanne siri gani hiyo jamani? Ukiunganisha majibu na Google Sheets, yale majedwali yao, kuna safu ya tarehe na saa, kwa hiyo umemkumbusha mtu saa tatu usiku jibu likaingia saa tatu na dakika mbili, ushamjua. Asipojulikana kwa saa atajulikana kwa uandishi, nina mmoja anamalizia na "hahaaa" hata kwenye malalamiko. Halafu zile grafu za duara ndo kichekesho, inakuandikia 25% hawakupenda mapigano, 25% ni nani kama sio anayecheza Rogue (karakta mwizi) aliyesubiri zamu huku wa Wizard (mchawi) anasoma speli zake za uchawi moja moja 😂

Kuna setingi ya kuzuia mtu kujibu mara mbili, hiyo iacheni. Inamtaka aingie na akaunti yake ya Google, hata kama wewe huioni imeili yake yeye atajuaje? Anarudi kwenye "ilikua poa".

Kinachoamua zaidi ni maswali. "Ulifurahia?" kwa 1 mpaka 5 utavuna 4 za adabu mpaka uchoke. Yaliyonipa kitu ni "ulishika simu wakati gani?" na "tukipunguza kitu kimoja sesheni ijayo kiwe kipi?" Hilo la pili ndo lilinionyesha mapigano yanakula muda, sa hivi anayefuata kwenye initiative, ule mpangilio wa zamu za kupigana, namwambia mapema ajiandae, na goblini wakibaki wawili wanatimua mbio, hatuwafukuzi.

Ila kwa sesheni ya kawaida mi nachagua Stars and Wishes ya Lu Quade. Kabla watu hawajaondoka kila mmoja anatoa nyota kwa kitu alichokipenda, iwe tukio, mchezaji mwenzie au karakta, kisha anasema anachotamani kukiona mbele. Kwetu inakaa vizuri maana lawama inakuja kama ombi, mtu hawezi kukwambia "unatuburuza" lakini "natamani siku moja tuchague wenyewe pa kwenda" anasema bila wasiwasi na ujumbe umefika. Ubaya wake muongeaji akianza wengine wanamfuata, so naanza na yule mkimya.

Fomu inabaki kwa mazito, mfano mchezaji anamkera mwenzie, hayo kwa sauti huyasikii. Na la kumuumiza mtu pale pale halisubiri fomu, wekeni X-Card ya John Stavropoulos, kadi yenye X katikati ya meza, mtu akiigusa mnaliruka lile tukio bila kumhoji.

Google Forms naipa 3 kati ya 5. Maswali yawe matatu tu, tuma asubuhi yake watu wakiwa wamelala vizuri, na chonde chonde usiende grupuni kuuliza "nani kaandika hili?", fomu inayofuata utaletewa "poa" nne.