Boti ya pomboo Shimoni na familia: mtafute nahodha mwenye subira

Ukifika Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, usianze na bei. Muulize nahodha akiwaona pomboo huwa anafanya nini. Akijibu kwamba atawafukuzia mpaka upige picha za karibu, mshukuru, uende kwa mwingine. Siku tuliyokwenda nyumba nzima, pamoja na mama mkwe ambaye ameishi Mombasa miaka mingi lakini bahari yake ni ile ya feri ya Likoni tu, boti zilikuwa hazipishani sana kwa mashine wala viti. Zilipishana kwa mtu aliyeshika usukani.

Tulipatana kwa simu na watu wa boti, boti ya kuchangia na wageni wengine, ambayo huwa nafuu kuliko kukodi peke yenu. Tukaambiwa "kila kitu kimo." Kufika gatini, kiingilio cha hifadhi ya bahari ya Kisite hakimo. Hicho ni cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, na mtandao asubuhi ile ulikuwa unasuasua, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, jua linapanda. Hapo nimewakata nyota moja bila huruma. Lipeni mkiwa nyumbani, mje na risiti kwenye simu.

Upande wa usalama siwalaumu. Walikuwa na jaketi za kuokolea za saizi ya watoto, na baharia alizikaza kamba mwenyewe, akivuta kila moja kwa juu kuona kama itachomoka. Boti ya jirani nilimwona mtoto kavalishwa jaketi la mtu mzima, kichwa kimezama ndani kama kobe. Turubai la kivuli lilikuwepo, maji ya kunywa pia. Choo hakuna. Wenye watoto wadogo mnanielewa.

Pomboo tuliwakuta tulipokwisha kukipita kisiwa cha Wasini, kundi dogo lililokuwa likienda taratibu. Nahodha akapunguza mwendo akiwa bado mbali, akakaa ubavuni mwao, akaenda nao sambamba, kisha akazima mashine kabisa. Boti nyingine zikaja kwa kasi na kuwakatia njia kwa mbele. Wote wakazama. Zile boti zikanguruma kuelekea huku na kule, kila moja ikibahatisha watakapotokea, na wageni wamesimama na simu mkononi wakipiga picha za maji matupu.

Mtoto wetu mdogo akaanza kulalamika kwamba samaki wametoroka.

"Huyo si samaki, mwanangu," nahodha akamwambia. "Ananyonyesha mtoto wake, na pumzi anavuta hewa hii hii unayovuta wewe. Lazima apande. Tulia tu."

Tukaelea. Baada ya muda tukasikia pfuuh! nyuma yetu, karibu kiasi kwamba mvuke wake ulitugusa mikono, na ulinuka samaki. Alikuwa jike na mtoto wake, mtoto kajibana ubavuni, wakipumua mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe akashika ukingo wa boti kwa mikono miwili, akasema, "Lahaula, na mwanawe!" Baharia akatuonyesha mwingine mwenye mkato kwenye pezi la mgongoni, akatueleza kwamba watafiti huwapiga picha mapezi hayo ili kumtambua kila pomboo, maana mikato haifanani. Tangu hapo binti yangu aliacha kuhesabu pomboo akaanza kukagua mapezi.

Hakuna aliyeruhusiwa kurukia majini. Mgeni mmoja alinung'unika kwamba kuna wanaouza "kuogelea na pomboo." Nahodha alicheka tu. Binafsi nilimpenda kwa hilo kuliko yote, maana penye mama na mtoto mchanga hapafai watu kurukaruka, na tulipokwisha kuwaangalia kwa muda wa kutosha aliwasha mashine polepole tukawaachia eneo lao.

Kisite kwenyewe ni pa kuchovya uso majini na kuangalia matumbawe. Ndani ya hifadhi hiyo uvuvi ni marufuku, na inaonekana: samaki hawakukimbii, pono wanatafuna matumbawe ukiwasikia kabisa, na binti yangu alimwona kasa. Miwani ya watoto ilivuja. Kama mnayo yenu, bebeni. Na msipake mafuta ya jua mkiwa mnaingia majini, fulana ya mikono mirefu inatosha na haidhuru matumbawe.

Chakula cha mchana Wasini kilikuwa kitamu, sina la kuongeza. Nitakalosema ni kwamba kisiwa hakina magari, kwa hiyo watoto wanaweza kuachiwa wakimbie, na kina mama wa pale wana njia ya mbao inayopita juu ya matumbawe makavu na mikoko. Hapo kaa wanaonekana vizuri, tena bila kulowa. Mama alipapenda kuliko boti, ingawa hakulewa bahari hata kidogo. Aliyelewa ni mimi.

Kuhusu wakati: tulikwenda Februari, kaskazi, bahari shwari na maji meupe unaona chini. Mwenye kutaka nyangumi wenye nundu aende kati ya Julai na Septemba, wanapopanda kutoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Ila huo ni msimu wa kusi, mawimbi ni makubwa na si kila siku boti hutoka. Aliye na mtoto mchanga au mzee asubiri kaskazi.

Jambo ambalo hatukuambiwa na mtu ni maji kupwa. Tuliporudi boti haikuweza kukaribia, ikabidi tushuke kwenye maji ya magotini na kutembea juu ya mawe yanayoteleza. Baharia wawili walimshika Mama huku na huku, kwa heshima, "pole pole Bibi," lakini mwenye magoti mabovu asingeweza. Ulizeni maji yatakupwa saa ngapi kabla ya kukubali saa ya kuondoka, na mje na viatu vya kulowa.

Nyota nne. Mwezi wa nane nataka kurudi kwa ajili ya nyangumi. Mama ameshasema atatusubiri Wasini, kwenye mbao.