GrowthBook kwa duka la mtandaoni la Dar: zana safi, lakini si ya kila duka

Tangu Google ilipoifunga Optimize, zana yake ya bure ya kulinganisha matoleo ya kurasa, tarehe 30 Septemba 2023, mwenye duka anayetaka kujaribu kurasa zake bila kulipa hana chaguo nyingi. GrowthBook ni mojawapo. Ni programu huria: unaiweka kwenye seva yako, na haikutozi kwa idadi ya wageni. Inagawa wageni katika toleo A na toleo B, kisha inasoma matokeo kutoka hifadhidata yako kwa SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na taabu yake pia, kwa sababu data ikiwa chafu, majibu nayo yatakuwa machafu.

Kuiweka si kazi kubwa kwa fundi anayeijua Docker, programu ya kuendesha programu nyingine kwenye seva. Docker Compose inawasha MongoDB (hifadhidata ya GrowthBook) na GrowthBook yenyewe, mlango 3000 ukiwa wa dashibodi na 3100 wa API, yaani njia ambayo programu huongea na GrowthBook. Badilisha JWT_SECRET na ENCRYPTION_KEY, funguo za siri za usalama, kabla hujaifungulia mtandao. APP_ORIGIN na API_HOST ziandikie anwani zako halisi za https, la sivyo dashibodi itafunguka vizuri huku ikishindwa kuongea na API, na fundi atahangaika kutafuta kosa pasipo na kosa. Ukiiunganisha na MySQL ya duka, itengenezee mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma tu.

Kwa maduka ya WooCommerce, yaani yanayoendeshwa ndani ya WordPress, mtego wa kwanza ni plagini ya kache, inayotunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka. Ikihifadhi ukurasa uliotengenezwa na PHP kwa ajili ya toleo B, kila anayefuata anaoneshwa B, hata aliyepangiwa A. Ukurasa unaojaribiwa utoe kwenye kache, au ugawaji uufanye ndani ya kivinjari kwa JavaScript. Njia hii ya pili nayo ina gharama: kwenye simu yenye 3G mteja huona kitufe cha zamani, kisha kinabadilika mbele ya macho yake. Pachika mpangilio wa jaribio ndani ya HTML badala ya kuuacha uitwe kutoka seva, na kumeta huko kutapungua sana.

Palipo na kazi hasa ni kwenye malipo. Mteja akibonyeza Lipa, ombi la PIN linatokea kwenye simu yake, anaingiza namba, SMS ya M-Pesa au Mixx by Yas inaingia, basi. Wengi hawana sababu ya kurudi kwenye kivinjari, kwa hiyo ukurasa wa "Asante" haufunguki. Ukiwa umefunga kipimo chako kwenye ukurasa huo, unahesabu waliorudi, si waliolipa. Dawa ni kuhifadhi kitambulisho cha mgeni pamoja na oda tangu inapoundwa, kisha seva iandike mstari wa mauzo pale taarifa ya mtoa huduma ya malipo inapofika. Taarifa hiyo inaweza kuja mara mbili, kwa hiyo namba ya muamala iwe ufunguo usiojirudia. Kwa wanaolipa wakipokea, mauzo yaandikwe bodaboda anapokabidhi mzigo na pesa ikapokelewa, na dirisha la kipimo, yaani muda wa kuhesabu mauzo tangu mgeni alipoliona jaribio, liwe refu kuliko siku za kupeleka mzigo.

Kosa jingine ni saa. Ukiandika muda mgeni alipoliona jaribio kwa saa za Afrika Mashariki, na oda ukaiandika kwa UTC (saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu), mtu aliyenunua dakika kumi baadaye ataonekana alinunua karibu saa tatu kabla ya kuliona. GrowthBook itautupa ununuzi wake, na kwa haki. Tumia UTC kote.

Sasa idadi. Kwa uwezekano wa 80% wa kuigundua tofauti na kiwango cha kosa cha 5%, hesabu ya haraka ni 16 × p × (1 − p) ÷ d² kwa kila upande, p ikiwa kiwango cha sasa na d tofauti unayotaka kuiona. Duka ambalo 2% ya wageni wananunua, likitaka kuona kupanda hadi 2.4%, linahitaji wageni 19,600 kila upande. Kwa wageni 400 kwa siku hizo ni siku 98. Ramadhani inaweza kuanza na kuisha jaribio likiwa bado linaendelea. Kipimo kikiwa kitufe cha WhatsApp kinachobonyezwa na 12%, ukatafuta 14.4%, ni takriban 2,930 kila upande, yaani siku 15. Zisogeze hadi 21 upate wiki kamili. Ila bonyezo si pesa: kitufe kikubwa chekundu kitabonyezwa tu. Kwa hiyo oda zilizolipwa ziweke pembeni kama kipimo cha ulinzi, cha kukuonya zikishuka.

Jaribio la siku chache za mwisho wa mwezi halivunji ulinganisho, maana pande zote zinapata wateja walewale, lakini linakupa tabia ya watu waliotoka kupokea mshahara. Na usichungulie. Ukikagua mara tano kwa hesabu ya kawaida ya 5%, ukasimama popote unapoona ushindi, uwezekano wa kudanganyika unafika karibu 14%. Hesabu ya Bayes (inayokupa uwezekano wa B kuishinda A) inayokuja na GrowthBook haikukingi na tabia hiyo, na upimaji wa hatua kwa hatua unaoruhusu kuchungulia uko kwenye toleo la kulipia.

Kinachoipa alama za juu ni onyo la mgawanyo. Umepanga nusu kwa nusu, ukapata 10,000 kwa 9,500? Macho yanaona sawa tu, lakini bahati kuleta pengo hilo ni chini ya mara moja kati ya elfu, na onyo linawaka. Usisome matokeo, tafuta kwanza kinachovuja. Mara nyingi ni toleo moja kuwa zito kiasi kwamba watu wanaondoka kabla ya kuhesabiwa. Kivinjari cha ndani ya Instagram na Opera Mini ni tatizo tofauti: mteja aliyeanzia Instagram akamalizia Chrome anahesabika wawili, na onyo hili haliwezi kumwona. Mtambue kwa namba ya simu anapoingia, kama mna akaunti.

Duka lenye wageni 300 kwenda juu kwa siku na fundi wake mwenyewe, liichukue, lianze na jaribio la A dhidi ya A, pande zote zikiona ukurasa uleule ili kupima zana yenyewe, kwa wiki mbili. Chini ya hapo, Microsoft Clarity ni ya bure na inaonesha rekodi za wateja wakihangaika kwenye fomu ya anwani, ambayo mara nyingi inadai msimbo wa posta ambao mkazi wa Tandika haukumbuki.