Baiskeli ya mikono ya fundi wa Machomane, baada ya miezi 14

Baiskeli hii, inayoendeshwa kwa mikono badala ya miguu, ninayo kwa miezi 14 sasa na nimeshakwenda nayo Wete na kurudi zaidi ya mara ishirini, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyenunua jana. Karakana iko Machomane, Chake Chake, Pemba, kibanda cha mabati chini ya mwembe. Fundi hakutaka jina lake liandikwe. Ukifika uliza fundi wa baiskeli za mikono, hata mtoto atakupeleka.

Lazima niseme mimi ni nani, maana baiskeli imetengenezwa kwa mwili wangu na usipoujua mwili hutaifahamu baiskeli. Nimeingia JWTZ mwaka 1991 nikitokea Wete, nikapita chuo cha maofisa Monduli, nikatoka na nyota moja begani. Nimetumikia miaka 28. Machi 2008 nilikuwa miongoni mwa tuliovuka kwenda Anjouan, kisiwa cha Komoro, na kule Upemba wangu ulinifaa, kwani lugha yao iko karibu na yetu na wazee wakisema taratibu nilikuwa nashika maneno mengi bila ya mkalimani. Agosti 2013 nilikuwa Kongo katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa, sisi na wenzetu wa Afrika Kusini na Malawi, tukipambana na waasi wa M23 kwenye vilima vya Kibati, kaskazini ya Goma. Bomu la mota lilituangukia karibu. Mguu wa kushoto nimekatwa juu ya goti, wa kulia chini ya goti. Nikabaki jeshini kwa kazi za ofisini, nikastaafu 2019 nikiwa meja.

Mtu asiye na miguu yote miwili, akikaa, uzito wake hurudi nyuma. Ile miguu ndiyo iliyokuwa ikimvuta mbele. Kiti cha magurudumu nilichopewa mwanzo, mahali sipataji, kilikuwa kipimo kimoja kwa watu wote, na magurudumu yake makubwa yamekaa sawa na mgongo. Siku ya tatu nikipanda kile kijilima cha saruji mlangoni kwangu, kilinipindua chali, kisogo kikagonga chini. Mke wangu alitoka jikoni mbio na mikono yote ina unga. Tokea siku hiyo nikawa siingii wala sitoki bila ya mtu kunishika nyuma, na kwa mtu aliyewahi kuongoza kikosi, hilo lilinichoma kuliko vigutu.

Basi nilipokwenda kwa fundi nilikwenda na picha kwenye simu, baiskeli za mashindano za Ulaya. Aliitazama mara moja akanirudishia simu. Akatandika mkeka. "Kaa, Afande. Nakupima weye kwanza, chuma baadaye." Akachukua utepe wa cherehani akanipima kiuno hadi kwapa, kwapa hadi ngumi, kigutu cha kushoto, kigutu cha kulia. Akaniambia nisukume ukuta kwa mikono miwili huku yeye anatazama mabega. Kisha akaweka kipande cha bomba chini, juu yake ubao, akanikalisha juu ya ubao kama watoto wanaocheza pembea, kijana wake kanishika bega. Akausogeza ubao mbele, akaurudisha nyuma, mbele tena kidogo, mpaka ukatulia wenyewe. Akapiga mstari wa chaki pale bomba lilipokuwa. Mstari ule ndio uliopanga kiti kikae wapi.

Jeshini nilipimwa sare, buti na kofia. Tokea nijeruhiwe hakuna aliyenipima mpaka siku ile.

Baiskeli yenyewe ina magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele, na la mbele ndilo linalovutwa na mnyororo unaoshuka kutoka usawa wa kifua. Gia saba, zimetolewa kwenye baiskeli ya mtumba. Mara ya kwanza alizifunga pedeli kama za miguu, moja juu moja chini. Nilitoka nayo mita hamsini tu, gurudumu la mbele likawa linakwenda huku na huku kila nikivuta. Alisimama akaangalia, hakubishana, akaikata akaichomelea upya pedeli zote mbili ziende pamoja. Sasa inanyooka kama uzi, na mgongo mzima unafanya kazi, si mikono pekee.

Taabu ya pili ilikuwa milima, na Pemba anayeijua anaijua. Mvua ikinyesha, kwenye mpando mkali gurudumu la mbele lilikuwa linazunguka bure, kwani uzito uko nyuma. Nikamrudia. Akasogeza kiti mbele vidole vinne na kunifungia mkanda wa kiuno. Hakuniongezea hata shilingi.

Kasoro zipo na nitazisema. Breki iko kwenye fremu, upande wa kulia, maana yake ukitaka kushika breki lazima uachie pedeli. Kwenye mteremko mrefu mkono wangu wa kulia unakaa kwenye breki tangu juu hadi chini. Namtaka aweke ya pili kwenye mkono wa pedeli, ameahidi, bado. Beringi za nyuma zililiwa na kutu mwezi wa tano, kwani nilikuwa nailaza nje na hewa yetu ina chumvi. Paka grisi kila wiki na uifunike. Na aliniambia wiki tatu, zikawa tano. Nimelipa shilingi 780,000, nusu kabla nusu baada.

Hamu ya michezo alinitia daktari mmoja wa jeshi nilipokuwa bado nimelala nimegeukia ukutani. Alinisimulia habari ya Ludwig Guttmann, daktari wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, ambaye tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki inafunguliwa London, aliwashindanisha mishale wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wanaume na wanawake, wakiwa kwenye viti vyao. Huko ndiko Paralimpiki, michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu, ilikoanzia, na baiskeli za mikono zikaingia Athens 2004. Nilimsikiliza bila ya kumjibu. Usiku wake niliomba nigeuzwe upande wa dirishani.

Sasa kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri natoka Chake. Safari ya kwanza ya Wete ilinichukua saa mbili na dakika 40. Siku hizi ni saa moja na dakika 50. Msimu wa karafuu watu huzianika kwenye majamvi kando ya barabara, nalazimika kukaa katikati, na harufu ile unaivuta kwa kifua kilicho wazi kabisa kwa kazi ya mikono. Vijana wawili wa Gombani, mmoja alianguka mkarafuu na mwengine alipooza tokea utotoni, wameshapimwa. Baiskeli ya yule wa kwanza niliiona juzi haijapakwa rangi, kiti kimewekwa mbali na changu kabisa, na mstari wake wa chaki bado uko juu ya bomba la fremu.