Kitabu cha Piper kuhusu Mungu kutaka wote watubu: kizuri, ila Walutheri tumesahaulika

Haya wapendwa, nimemaliza kile kitabu cha John Piper, Does God Desire All to Be Saved?, toleo la Crossway la 2013, na msiogope jina, ni kijitabu tu unakimaliza jioni moja, halafu PDF yake ipo bure kwenye tovuti ya Desiring God kwa hiyo gharama yako ni bando tu.

Kinaingia moja kwa moja kwenye ule ubishi ambao felowshipi nyingi zina mtu wake wa kuuwasha: 2 Petro 3:9 inasema Bwana hapendi mtu yeyote apotee, anataka wote wafikie toba, sasa mbona Warumi 9 inasema anamrehemu amtakaye na kumfanya mgumu amtakaye?

Piper ni Mkalvini wa kutupwa, yaani wale wanaoamini Mungu ndiye anayewachagua tangu mwanzo watakaookoka, amechunga kanisa la Kibaptisti kule Minneapolis zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo mi nilijua atasema kama wenzake kwamba "wote" hapo ni wateule wote, kwisha habari. Kumbe hapana. Anasema tafsiri hiyo inawezekana lakini haiegemei, anakubali kabisa kwamba Mungu anataka kila mtu aokoke, ndo anaanza kuhangaika na swali lenyewe. Hapo nikampa heshima yake.

Jibu lake ni kwamba Mungu anaweza kuchukia jambo na bado akakusudia litokee. Mfano mkubwa ni msalaba: kumuua Yesu ilikuwa dhambi, Herode na Pilato wana hatia, lakini Matendo 4:27-28 inasema walifanya yale Mungu aliyoyakusudia tangu zamani. Anaongeza wana wa Eli, 1 Samweli 2:25, hawakumsikia baba yao kwa sababu Bwana amekusudia kuwaua. Huo mstari nimeupita mara nyingi tu bila kustuka, safari hii nimekaa nao kweli maana vijana wale walikuwa wanaonywa watubu! Halafu anawageukia Waarminia, wale wanaosema mtu ana uhuru wa kuikubali au kuikataa neema, anawaambia na nyie mnacho kitu ambacho Mungu anakithamini kuliko kuokoa kila mtu, nacho ni uhuru wa mtu kuchagua, kwa hiyo kila upande una "lakini" yake. Nimetafuta pa kumbishia hapo sijapaona.

Mfano wa George Washington, jemadari wa Wamarekani, kusaini kifo cha Meja André, ofisa wa Waingereza, mwaka 1780 huku roho inamuuma, mi haujaniingia. Washington alimkuta mtu tayari kashikwa upelelezi, hakupanga tangu mwanzo awe mpelelezi, sasa hapo unafananaje na Mungu aliyekusudia kila kitu?

Kubwa zaidi ni kwamba anaongea kana kwamba kambi ni mbili tu. Sisi wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, je? Walutheri tangu Kanuni ya Makubaliano ya 1577, ungamo letu la imani, tunasema neema ni ya wote kweli, na uteule ni wa wokovu tu, hakuna aliyeteuliwa apotee, na pale akili inapogoma tunaacha siri ibaki siri. Unaweza kutuita waoga sawa, ila hata aya moja jamani?

Na swali ambalo mama aliyemuombea mwanae mlevi miaka na miaka angeuliza, kwamba kama toba ni Mungu anayeitoa (2 Timotheo 2:25) mbona wangu hajapewa, hilo halipewi nafasi yake. Hoja zimenyooka ila uchungaji mchache.

Kingereza chake ni cha kati, tanbihi ni nyingi na kwenye simu zinachosha macho. Nyota 4. Wabishi wa felowshipi wasome wote, tena kabla ya kubisha, ila aliyeokoka juzi usimpe, mpe Injili ya Luka kwanza aanzie sura ya 15.