Kipimo cha vinasaba cha mwanangu: mshauri alinifaa kuliko ripoti

Mwanangu ana miaka 5, ana usonji, na maneno yake ni mawili: "maji" na "bibi". Daktari wake ndiye aliyetushauri kipimo hiki. Bei ni kubwa. Sisi tuliuza pikipiki ya baba yake.

Tulipimwa wote watatu kwa kijiti cha pamba cha kusugulia ndani ya shavu. Cha kwanza mtoto alikitafuna. Dada wa maabara hakukasirika. Alikaa naye sakafuni, akajisugua shavu lake mwenyewe, mtoto akaiga. Kwa hilo nawapa alama zote.

Majibu ndiyo yaliyoniumiza. Yalikuja kwa barua pepe Ijumaa jioni, kurasa saba za Kiingereza cha kitabibu, na mtu wa kutueleza tukapangiwa wiki mbili mbele. Sikulala. Jamani, msimtumie mzazi karatasi kama ile kabla hajapata wa kukaa naye.

Mshauri wa vinasaba alituchorea. Jeni la GRIN2B, kwenye kromosomu ya 12, hutengeneza kipande cha mlango ulio kwenye seli za ubongo, yaani kipokezi cha glutameti, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana nayo habari. Mlango una vipande vinne na kizibo cha magnesiamu. Glutameti ikifika wakati seli imeshaamshwa, kizibo hutoka, kalisiamu huingia, na miunganiko ya seli huimarika. Ndivyo ubongo unavyojifunza. Kipande hiki kina kazi kubwa tangu mtoto akiwa tumboni. Kwa mwanangu, herufi moja ya jeni hilo imebadilika.

Kisha akaweka majibu yetu kando ya yake. Herufi hiyo mimi sina, baba yake hana. Imejitokeza upya kwa mtoto. Miaka mitatu naambiwa ukweni kwamba kwetu kuna kitu, kwamba nilimlea na simu. Nilimwomba mshauri arudie kwamba herufi hiyo imejitokeza upya, nikimrekodi, mama mkwe aje asikie.

Hakutuficha: dawa ya kurekebisha herufi hiyo haipo, mazoezi ya usemi yaendelee. Kuna watoto ambao mlango huu haufunguki vya kutosha, wengine hufunguka kupita kiasi, kwa hiyo dawa ya mmoja isipewe mwingine. Na watoto wengi wenye usonji hawana badiliko hili, unaweza kulipa usipate jibu. Tukizaa tena, uwezekano wa kujirudia ni kama asilimia 1.

Nyota nne. Ukienda, hakikisha umepangiwa siku ya mshauri kabla hujatoa sampuli.