Uzoefu wangu: fyuzi ya mafuta ambayo muuzaji hataki iguse mafuta

Nilisema sitaandika. Nimekaa na hii hasira tangu masika, sijui ile iliyopita au ya kabla yake, na kila nikifungua kabati la stoo nakutana na zile fyuzi tatu zimelala pale, basi leo acha niandike yaishe.

Mimi ni fundi umeme. Narudia, MIMI ndo fundi, huko mbele mtaona kwa nini narudia. Niko kwenye kiwanda kidogo huku Unga Limited, Arusha, tunasafisha na kufungasha mbegu za maharage. Transfoma ni yetu wenyewe, umeme unaingia na volti 11,000 unapita kwanza kwenye swichi moja ya zamani ya mafuta, dude la chuma la Kiingereza, rangi ya kijivu, zito kama sefu, limekuwepo hapo kabla mimi sijazaliwa. Ndani kuna tangi la mafuta na ndani ya mafuta kuna fyuzi tatu, kila fezi, yaani kila waya wa umeme, na yake. Watu wengi hawajui kuna fyuzi inayoishi ndani ya mafuta kama samaki. Wanazijua za kwenye plagi na zile za juu ya nguzo ambazo zikiungua zinadondoka zinaning'inia, unaziona toka barabarani. Hizi za kwangu huzioni mpaka uzime kila kitu ufungue tangi.

Sasa usiku huo radi ilipiga kwelikweli upande wa mlimani. Mlinzi ananipigia, "dada, kumelia bum halafu giza". Asubuhi wenye laini wakaja wakazima upande wao, tukapima, tukaweka athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, tukapiga kufuli, ndo nikafungua. Harufu ya mafuta kuungua ilikuwepo ila kidogo. Fyuzi ya fezi ya njano imechomoza kile kipini chake cha kichwani. Kile kipini watu wanakidharau lakini ndo kinasukuma wenzo unaoangusha swichi nzima, fezi zote tatu zinakatika pamoja, la sivyo mota zetu zingebaki zinanguruma na fezi mbili mpaka ziungue. Kosa lenyewe lilikuwa kwenye kichwa cha kebo inayoingia transfoma, kimepasuka. Transfoma nzima salama! Nikaipiga ile fyuzi busu, msicheke. Kitu kimekaa kwenye mafuta miaka yote hiyo, siku moja tu kinaitwa kazini na kinafanya, kinakufa.

Fyuzi za hivi ikiungua moja unabadili zote tatu, maana hizo mbili zilizobaki huenda nazo zilipitiwa na ule umeme zikadhoofika ndani na kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo nahitaji tatu. Bosi keshaanza kupiga simu kila nusu saa, jenereta linakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka kiangazi.

Nikachukua boda mpaka mjini. Duka silitaji. Nilikuwa nimeifunga ile fyuzi iliyoungua kwenye kipande cha kiroba ili nioneshe sampuli, maana kuelezea kwa mdomo hapa Arusha utaletewa soketi. Naingia, chalii wa kaunta hata hajainua kichwa, "karibu dada, balbu?"

Nikamwambia hapana kaka, nataka fyuzi tatu za msongo mkubwa, za mafuta, kama hii. Nikaiweka. Na kweli ilidondosha mafuta kidogo, ikaacha duara kwenye kitabu chake cha hesabu, hilo kosa langu nakubali. Alivyoruka utasema nimemwekea nyoka. "Aisee unanichafulia kitabu! Mwambie fundi wako aje mwenyewe tuelewane."

"Fundi ni mimi."

Akamgeukia mwenzake wakacheka. Sio kicheko kikubwa, kile cha puani. Hicho kicheko ndo kimeandika hii riviu, sio fyuzi.

Akaingia ndani akatoka na tatu. Nikamuuliza hizi ni za mafuta? Ndiyo. Una uhakika ni za mafuta? "Dada, fyuzi ni fyuzi, yenyewe haijui iko kwenye mafuta au kwenye hewa." Nikamuuliza mara ya tatu, akanijibu anaangalia simu. Halafu akaanza kunishauri tena, transfoma yenu kVA ngapi, nikasema 315, akapiga kikokotoo, eti hiyo ni ampia 16 na nusu kwa nini unataka fyuzi ya 40, chukua 20 ndo salama zaidi. Jamani! Transfoma ukiiwasha inavuta mara kumi, hata kumi na mbili ya ampia zake kwa kitambo kidogo ndo inatulia, ungeweka hiyo 20 yake ungekuwa unanunua fyuzi kila ukirudisha umeme. Kazi ya hii fyuzi ni shoti kubwa, mzigo ukizidi kuna breka upande wa pili wa transfoma, ule wa volti 400. Ila kwa yeye kuuza fyuzi kila wiki labda ndo salama zaidi kweli.

Na mimi nikalipa. Hapo ndo najilaumu, bosi yuko hewani, boda ananisubiri kwa pikipiki inanguruma, nikachukua risiti ya EFD nikaondoka na bidhaa ambayo moyo wangu ulikuwa umeshaikataa. Bei yake kwa moja unapata mbuzi, mbuzi mzuri tu wa mnadani.

Karakana nikajaribu moja kwenye klipu inayoshika fyuzi. Urefu sawasawa. Unene, hapana, inacheza. Msaidizi wangu dogo mmoja mzuri sana akasema "dada tukate bati la shaba tuizungushie". Nikamwambia weka mkasi chini.

Sasa ngoja niwaeleze tatizo ni nini maana hata mafundi wenzangu wengine wananiambia nilikuza mambo. Ndani ya hii fyuzi kuna utepe mwembamba wa fedha, fedha ile ya pete, umezungukwa na mchanga mweupe uliokandamizwa. Ikitokea shoti utepe unayeyuka sehemu nyingi kwa mpigo, ule moto wa umeme unataka kuendelea, mchanga unaunyonya joto, unayeyuka unakuwa kioo, moto unakufa, yote hiyo chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Hiyo ndo fyuzi. Utepe unayeyuka tu, mzimaji ni mchanga. Sasa mchanga ukilowa mafuta hauwezi tena. Moto unapika mafuta yanatoa gesi, gesi hizo zinawaka, na uko ndani ya bomba lililofungwa, lililo ndani ya tangi lililofungwa, lililojaa mafuta mengine. Umeelewa? Hilo sio fyuzi, hilo ni bomu tumeliwekea risiti. Ndo maana za mafuta zinazibwa kofia zake kwa namna yake mafuta yasipite, na za hewa hazijazibwa hivyo kwa sababu hazina shida hiyo. Kwa macho zinafanana kama kulwa na doto.

Nikaona nisibishane kwa mdomo. Nilichukua mafuta ya transfoma masafi, ndoo ndogo, nikayapasha kwenye jiko la kantini mpaka yakawa ya moto kiasi cha chai ya kunyweka (mama wa kantini alidhani nataka kukaanga, akaniuliza kama ndo yale yanayosemwa watu wanakaangia chipsi, nikamwambia mama usithubutu, mengine ya zamani yana sumu inayokaa mwilini miaka). Nikaipima fyuzi mpya kwenye mizani yetu ya sampuli za mbegu, nikaandika gramu kwenye kiganja, nikaizamisha. Dakika haijapita vipovu vidogo vinapanda pembeni ya kofia ya shaba, kimoja kimoja, kama soda iliyokaa. Hewa inatoka. Nikaiacha ipoe humo usiku kucha, na ikipoa inavuta, ndivyo ingekuwa kila siku kazini, mchana moto usiku baridi, inapumua mafuta. Asubuhi nikaifuta kwa kitambaa mpaka ikakauka kabisa nikapima tena. Gramu 11 zimeongezeka.

Halafu nikavunja moja ya zile za zamani ambazo hazikuungua, mchanga ulimwagika mezani mkavu kama chumvi ya dukani. Miaka yote ile ndani ya mafuta! Ile iliyoungua nayo nikaipasua, ndani kuna kijiti cha kijivu, kigumu, kioo cha mchanga, kimefuata njia ya ule utepe. Kipande chake ninacho kwenye droo.

Nikarudi dukani. Nilikuwa nimejipanga kuongea taratibu, nafsi yangu inajua.

"Kaka, hizi sio za mafuta, naomba unibadilishie."

Anaishika ile moja kwa vidole viwili. "Hii umeshaiweka kwenye mafuta. Imechafuka. Siwezi kuipokea."

"Si uliniuzia fyuzi ya mafuta?"

"Ndiyo."

"Sasa ya mafuta inachafukaje kwa mafuta? Ulitaka nikaitumbukize kwenye nini, mtori?"

Wateja wakacheka, na hapo ndo aliharibika kabisa. Usinifundishe kazi, nimekaa hapa miaka, nyie mnasoma vitu kwenye simu mnakuja kusumbua watu, akaninyooshea kidole kibao cha ukutani mali ikishauzwa hairudishwi. Nilitetemeka. Na mimi nilisema maneno ambayo hapa siyaandiki, mama yangu anasoma.

Kelele zikamtoa mzee mmoja huko stoo, koti la bluu, miwani imefungwa kwa uzi. Shikamoo mzee. Marahaba binti. Hakuuliza nani kakosea. Alichukua ile fyuzi ya zamani, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kofia, akainusa, akaniuliza, "kwenye hiyo swichi yako ukifungua kifuniko fyuzi zinapanda nacho au zinabaki chini?" Zinapanda nacho mzee. Akatikisa kichwa, akaingia, alikaa huko kama robo saa, nasikia maboksi yanaburutwa, akarudi na tatu kwenye boksi lililoliwa na mende. Unene ule ule. Na kwenye lebo imeandikwa kabisa ni za kuwekwa kwenye mafuta, kumbe zipo! Zipo muda wote, hatua kumi na tano toka kaunta!

Bei ilikuwa juu zaidi na nililipa upya, maana za kwanza hawakuzipokea, mzee akasema hesabu ya kaunta ni ya yule kijana yeye haingilii. Bosi akanikata nusu ya ile hasara kwenye mshahara. Nusu!

Zile mpya nilizipitisha kwenye mtihani ule ule wa ndoo. Hakuna kipovu hata kimoja. Asubuhi mizani haikusogea. Nilifurahi nikampigia dogo saa kumi na mbili asubuhi kumwambia, akanijibu "sawa dada" akarudi kulala. Toka hapo swichi inafanya kazi, masika imepita na radi zake, kimya.

Kwa hiyo fyuzi za mafuta zenyewe nyota tano, na ningeweza sita. Duka nyota moja. Ila kwa haki, zile za kwanza nazo sio feki, ni fyuzi nzuri za hewa, ningeziweka kwenye kabati la hewa zingefanya kazi miaka. Kwa hiyo ubaya sio wa bidhaa. Duka basi mbili, kwa ajili ya mzee. Hapana, yule mzee ndo angekuwa kaunta na hela yangu ya mshahara ingekuwa mfukoni, rudisha moja.

Halafu ukweli mwingine unaoniuma, niliapa sirudi pale na nimesharudi mara mbili, kwa sababu kila nilipoulizia kwingine mjini hapa wananiambia agiza Dar, usubiri basi, ulipie kabla hujaona. Wiki ile nimeingia chalii ananiangalia usoni, ananijua kabisa, "karibu dada, balbu?" Nikapita moja kwa moja stoo kwa mzee.

Kama kuna mdau ana swichi za hewa za volti 11,000 na anahitaji, nina fyuzi mbili hazijaguswa, bei tutaelewana, mbuzi mmoja kwa zote. Ya tatu siuzi, na kwa mwenye swichi ya mafuta siuzi hata moja, usinipigie.