Pikapu mpya ya dizeli baada ya miaka mitatu: skrini kubwa, chesisi ya mashaka

Watu wananiuliza kila siku, mzee vipi hiyo dabo kebini tuchukue? Haya. Niliinunua mpya kabisa yadi, nailoni za siti bado mpya, sasa ina miaka mitatu. Kampuni sitaitaja, sina hela ya wakili.

Mazuri yapo. AC inagandisha, skrini kama tivii ya saluni, dizeli inanusa tu. Wife siku ya kwanza alisema hapa sasa umenunua gari baba nanihii. Shida iko kule ambako mteja hainami kuangalia, na nadhani hao jamaa wa kiwandani wanalijua hilo vizuri sana.

Mimi nakaa Kigamboni, napandisha mbolea Ilula kule Iringa narudi na matenga ya nyanya. Mwaka wa pili tu tunapanda mlima Kitonga mshale wa temprecha ukaruka, nafungua boneti mvuke mtupu, tangi la juu la rejeta limepasuka pale plastiki inapobanwa na aluminiamu. Plastiki siku hizi wanaweka karibu wote, sawa, ila hii ilishakauka na joto, nikibonyeza ukingo kwa kidole unameguka kama biskuti. Rejeta ya zamani ya shaba ikitoboka fundi anachomelea kwa risasi mnaendelea na safari. Hapa tulivutwa kurudi Ruaha Mbuyuni, fundi kaiangalia akasema "bosi hii haizibiki, tafuta nyingine nzima". Siku mbili nimelala pale na mbolea ya watu.

Kushuka na mzigo ndo balaa zaidi. Breki za nyuma ni za dramu, sio diski, na dramu sio dhambi, Hilux kibao zinazo, ila hizi zikipata moto pedali inazama na harufu ya breki inaingia mpaka ndani. Mzigo ni tani moja ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi yao, sijazidisha (siku hiyo). Sasa hivi nashuka na gia ya pili tu, mabasi yanipigie honi mpaka yachoke.

Kilichoniuma ni chesisi, ule mfupa wa chuma chini ya gari. Gari iko juu ya shimo gereji, fundi kagonga na spana, magamba ya kutu yakammwagikia usoni. Kwa nje nyeusi inang'aa kama kiatu cha shule, lakini ingiza kidole kwenye yale matundu ya pembeni, kinatoka chekundu, ndani hakujapakwa rangi wala nta. Nikawarudia waliouza wakasema hiyo ni hewa ya bahari, waranti haihusiki. Sasa mnauza magari Dar halafu mnashangaa bahari?

Na tusidanganyane na majina makubwa. Toyota wenyewe 2016 kule Marekani walikubali kumaliza kesi ya chesisi za magari yao ya Tacoma, Tundra na Sequoia kuoza, malipo mpaka dola bilioni 3.4, magari kama milioni 1.5, japo kosa hawakukiri. Chesisi ndo inabeba kila kitu, ikioza hapo huna gari una kebini.

Halafu muuzaji anakwambia "ina eabegi mbili bosi", yale maputo yanayofumuka ukigonga. Pikapu ya Nissan Hardbody nayo ilikuwa nazo mbili, Global NCAP, wale wanaopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, wakaigongesha 2018 ikapata nyota sifuri kwa watu wazima, maana kebini yenyewe ilikunjika, eabegi itakusaidia nini stelingi ikishakufuata kifuani? Baadaye wakaigonganisha Hardbody mpya ya Afrika na pikapu nyingine, Navara ya 2015 iliyokwisha tumika Ulaya, kampuni moja hiyo hiyo, ikaonekana dereva wa ile mpya yetu angekufa na wa ile mtumba ya Wazungu angeshuka anatembea. Nimeiangalia ile video mara tatu usiku, wife akanizimia simu.

Kwa hiyo ukienda yadi achana na skrini, lala chini na suti yako, chungulia chesisi kwa ndani, uliza kama ina eibiesi, ile inayozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki, na ule mfumo wa kuizuia isiserereke, na kama ndugu yake anayeuzwa Ulaya anazo hizo hizo.

Naipa nyota mbili, moja ya AC moja ya dizeli. Kuiuza siwezi, benki bado wananidai miezi kumi na nne.